Aizawl: walishushwa daraja, wakarudishwa, wakawa mabingwa wa India

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafuatilia soka tangu utotoni, ila India nilijua ni nchi ya kriketi tu. Juzi rafiki yangu kanibishia kwamba mwaka 2017 klabu ya mji mdogo wa milimani, Aizawl, ilichukua ubingwa wa India nzima mbele ya vigogo wa Kolkata, tena msimu mmoja tu baada ya kushuka daraja. Kwanza, ni kweli? Pili, ilikuwa ngekewa au kuna kazi iliyofanyika? Na kama ni kazi, mbona leo haisikiki? Msomaji, Sumbawanga.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Rafiki yako hakukudanganya. Tarehe 30 Aprili 2017 Aizawl FC ilitwaa I-League, ligi ya taifa ya India wakati huo, kwa pointi 37 katika mechi 18. Mohun Bagan ya Kolkata, klabu iliyozaliwa mwaka 1889, ilimaliza na pointi 36. Kabla ya siku ile hakuna klabu yoyote ya majimbo ya kaskazini-mashariki iliyowahi kuwa bingwa wa nchi. Na ni kweli kwamba msimu uliotangulia Aizawl walikuwa wameshushwa daraja.

Swali lako la pili ndilo limenifanya nijibu kwa urefu. Wengi wakiisimulia habari hii huiita muujiza, na mimi sikubaliani nao. Ngekewa ilikuwepo, nitakuonyesha ilipoingia: iliwafungulia mlango mwishoni mwa 2016, basi. Lakini waliopita mlangoni walikuwa wamejiandaa kwa miaka, na si klabu peke yake iliyojiandaa. Jimbo zima lilikuwa limejitengenezea mpira wake. Ukiisoma historia ya klabu hii ukaanzia kwenye klabu, utapotea. Anzia kwenye ligi ya kwao.

Hebu tuangalie kwanza ni wapi. Upande wa mashariki kabisa wa India kuna kipande cha nchi kilichobanwa kati ya Bangladesh na Myanmar. Hapo ndipo lilipo jimbo la Mizoram. Sensa ya 2011 ilihesabu watu 1,097,206 jimbo zima, katika nchi ambayo wakati huo ilikuwa na watu zaidi ya bilioni 1.2. Mji mkuu, Aizawl, umekaa juu ya mgongo wa mlima, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na nyumba zimeng'ang'ania miteremko hivi kwamba paa la jirani wa chini liko chini ya miguu ya jirani wa juu. Ardhi tambarare ni mali adimu. Ukitaka uwanja wa mpira ukate mlima, na ukishaukata, mvua za monsuni zitaugeuza tope kuanzia Mei mpaka Septemba. Ndiyo maana viwanja viwili vikubwa vya mji, Lammual ulioko katikati na ule wa Rajiv Gandhi kule Mualpui, vimetandikwa nyasi bandia. Nyasi hizo zina kisa chake uwanjani; nitakirudia.

Kuna jambo la historia sitaki uliruke. Mwaka 1966 Wamizo waliasi dhidi ya serikali ya Delhi, na Machi mwaka huo ndege za jeshi la anga la India zikaupiga mji wa Aizawl kwa mabomu. Mapigano yalidumu miaka 20, hadi mkataba wa amani wa tarehe 30 Juni 1986. Mwaka uliofuata Mizoram ikawa jimbo kamili. Aizawl FC yenyewe iliundwa mwaka 1984, kabla bunduki hazijanyamaza. Mzee wa Aizawl aliyeishi miaka hiyo, kisha akasikia jina la mji wake likitangazwa kuwa bingwa wa India, alikuwa na sababu zake za kutoa machozi.

Sasa mzizi wenyewe.

Vijana wa Kimizo walikuwa na vipaji muda mrefu, ila njia yao ilikuwa moja: kuondoka. Shylo Malsawmtluanga, ambaye mashabiki humwita Mama, alikwenda kuichezea East Bengal ya Kolkata, na watoto wengi wa Mizoram waliona kwake kwa mara ya kwanza kwamba mtu wa kwao anaweza kulipwa kwa kucheza mpira. Baada yake akaja Jeje Lalpekhlua, mshambuliaji aliyefika hadi timu ya taifa. Lakini hao ni wawili watatu waliopenya. Mtoto aliyebaki nyumbani alicheza mashindano ya mtaa wakati wa likizo, kisha mpira ukawekwa uvunguni mpaka mwaka mwingine.

Mwaka 2012 chama cha soka cha jimbo kikaanzisha Mizoram Premier League. Na hapa naomba usome taratibu, maana ndipo penye jibu lako. Ligi ile haikuanza kwa kusubiri tajiri wa Mumbai wala ruzuku ya shirikisho la taifa. Ilianza kwa haki za matangazo, na aliyezichukua ni kampuni ya televisheni ya kebo ya hapohapo Aizawl, inaitwa Zonet. Watu wa kebo walijua wateja wao: mji mzima unapenda mpira, na mji mzima una waya wa kebo uliopita dirishani. Wakaonyesha mechi moja kwa moja. Ghafla mama aliyeko jikoni anamwona mtoto wa jirani kwenye televisheni. Mwenye duka anaona bango lake limepita nyuma ya goli. Klabu zenyewe nyingi zilibeba majina ya mitaa: Dinthar, Chanmari, Ramhlun North, Bethlehem Vengthlang. Mtaa kwa Kimizo ni "veng", na veng kule si anwani tu. Ndiyo inayozika wafu wako, ndiyo inayokujengea nyumba yako ikiporomoka na kilima. Timu ya mtaa ikicheza, ni heshima ya mtaa iliyoingia uwanjani.

Fikiria ligi ya namna hiyo inamfanyia nini kijana wa miaka 18. Anacheza kila wiki. Anacheza taa zikiwaka na kamera zikimwangalia. Akikosea pasi, Jumatatu anaulizwa kwenye kituo cha basi. Analipwa, hata kama ni kidogo, hivyo haachi mpira akaenda kutafuta kibarua. Mimi nimefundisha makocha wachanga kwa miaka mingi, na nikiulizwa ni nini kinachomkomaza mchezaji, nasema mechi za maana nyingi, kabla sijasema kitu kingine chochote. Mizoram waliwapa vijana wao mechi za maana.

Matunda hayakuchelewa. Machi 2014, miaka miwili tu baadaye, Mizoram ilishinda Santosh Trophy, kombe linaloshindaniwa na majimbo ya India, kwa kuifunga timu ya shirika la reli mabao 3-0 mjini Siliguri. Ilikuwa mara yao ya kwanza. Kwa hiyo wale walioshtuka mwaka 2017 walikuwa wamelala mwaka 2014.

Klabu sasa. Aizawl FC ilikuwepo kwa jina tangu 1984, lakini aliyeifufua ni mfanyabiashara wa Kimizo, Robert Romawia Royte, mwanzoni mwa miaka ya 2010. Mwaka 2015 ikashinda daraja la pili la taifa na kupanda I-League, klabu ya kwanza ya Mizoram kufika huko.

Msimu wa kwanza ulikuwa mgumu. Ligi ya 2015-16 ilikuwa na klabu 9, na Aizawl ikamaliza ya 8. Utasema basi aliyeshuka ni wa 9. Hapana. Wa 9 ilikuwa DSK Shivajians, klabu ya kampuni iliyonunua nafasi ya kuingia ligi moja kwa moja, na kwa kanuni za wakati ule klabu za namna hiyo zilikuwa na kinga ya kutoshuka kwa misimu kadhaa. Kwa hiyo aliyeshika mkia akabaki, na aliyemzidi akashuka. Naisimulia hii bila kuipamba, maana haihitaji pambo. Klabu iliyopanda kwa kushinda uwanjani ilishushwa kumpisha aliyepanda kwa hundi.

Mei 2016 walifika fainali ya Kombe la Shirikisho huko Guwahati. Wakapigwa 5-0 na Mohun Bagan, na miongoni mwa wafungaji alikuwa Jeje, mtoto wa kwao. Shika jina la Mohun Bagan, tunarudi kwao.

Ngekewa niliyokuahidi iliingia hivi. Mwaka 2010 shirikisho la soka la India, AIFF, liliuza haki zake za kibiashara kwa miaka 15 kwa kampuni ya IMG-Reliance, kwa rupia bilioni 7. Kutoka hapo ikazaliwa Indian Super League, ISL, mwaka 2014: timu mpya, matajiri na nyota wa filamu na kriketi kwenye umiliki, wachezaji wakongwe kutoka Ulaya, na hakuna kupanda wala kushuka. Kufikia 2016 mpango ukawa wazi kwamba ISL ndiyo itakayofanywa ligi kuu na I-League isogezwe chini. Klabu za Goa, ambazo zimeulea mpira wa India kwa vizazi, zikakasirika. Salgaocar na Sporting Clube de Goa zikajitoa I-League, na Dempo, iliyokuwa imepanda kutoka daraja la pili, nayo ikagoma kuingia. Nafasi zikabaki wazi, na Aizawl, waliokuwa wakilalamikia kushushwa kwao, wakarudishwa.

Ligi ilianza Januari 2017. Walikuwa na wiki chache tu za kujipanga.

Kocha waliyempata ni Khalid Jamil, mzaliwa wa Kuwait, mtu wa maneno machache, kiungo wa zamani ambaye majeraha yalimkatisha mapema. Alikuwa ametoka Mumbai FC, alikokaa miaka saba akiinusuru klabu isishuke, msimu baada ya msimu, kwa timu isiyo na fedha. Mwaka 2016 akaachana nao. Msimu uliofuata, huu tunaouzungumza, Mumbai FC ilishika mkia na kushuka, na kocha wao wa zamani akawa bingwa. Kuna watu walidhani kazi yake Mumbai ilikuwa ndogo kwa kuwa haikuwa na kombe.

Ukikikagua kikosi alichounda utaona akili ya mtu aliyezoea kununua sokoni na shilingi chache. Kutoka Mumbai alichukua watu anaowajua, beki Ashutosh Mehta na kiungo Jayesh Rane. Golini akamweka Albino Gomes wa Goa. Wageni walikuwa wanne, kama kanuni ilivyoruhusu: Alfred Jaryan wa Liberia katikati ya uwanja, Kingsley Obumneme wa Nigeria nyuma, Kamo Bayi wa Ivory Coast mbele, na Mahmoud Amnah wa Syria akigawa mipira. Waliobaki wengi ni vijana wa Kimizo waliokomaa kwenye ligi ya nyumbani: Lalruatthara, Zohmingliana Ralte, Brandon Vanlalremdika, William Lalnunfela. Bajeti ya msimu iliyotajwa magazetini ilikuwa kama rupia milioni 20. Hiyo ni fedha ndogo mno ukiilinganisha na waliokuwa wakishindana nao.

Walifungua msimu Barasat, ugenini kwa East Bengal, wakatoka sare ya 1-1. (East Bengal msimu ule walikuwa na beki Mganda, Ivan Bukenya; Waafrika Mashariki hatukukosekana kabisa.) Baada ya hapo wakaanza kukusanya pointi, sehemu kubwa nyumbani. Sasa zile nyasi bandia: mpira unadunda haraka, unateleza haraka, na kijana aliyekulia juu yake anajua ataudaka wapi kabla haujafika. Timu inayotoka kwenye nyasi za kawaida, tena baada ya safari ndefu na kupanda milima, hutumia kipindi cha kwanza chote kujifunza uwanja. Aizawl walikukaba kuanzia dakika ya kwanza. Hawakuwa na mpira wa madoido. Walikuwa na miguu ya watu wanaopanda ngazi na vilima kila siku ya maisha yao, na kocha aliyewapanga vizuri wasipokuwa na mpira.

Zikabaki mechi mbili. Aizawl pointi 33, Mohun Bagan pointi 33. Na ratiba, kama vile iliandikwa na mtu anayependa hadithi, ikawakutanisha Jumamosi tarehe 22 Aprili, Aizawl.

Mechi ilikuwa ngumu, ya kubanana, hakuna aliyetaka kufungua mlango wake. Kumbuka Mohun Bagan hawa ndio waliowafunga 5-0 kabla ya mwaka kutimia, na Jeje yumo kwenye kikosi chao. Dakika ya 83 Zohmingliana Ralte, beki, akaruka akaupiga kichwa. 1-0. Nimewaonyesha vijana wangu goli lile mara nyingi, na huwaambia wasimwangalie mfungaji peke yake, waangalie nani yuko ndani ya boksi dakika ya 83 ya mechi kubwa kuliko zote maishani mwake: beki, mtoto wa hapohapo, ambaye angeweza kubaki nyuma kulinda sare na asilaumiwe na mtu.

Ikabaki moja. Shillong, ugenini, dhidi ya Shillong Lajong, klabu nyingine ya kaskazini-mashariki. Walihitaji pointi moja. Ilikuwa Jumapili, na Jumapili Aizawl si siku ya kawaida: Wamizo wengi mno ni Wakristo, maduka hufungwa, mji hunyamaza, watu huenda kanisani. Sijui mji mwingine wa mpira ambao siku yake kubwa ingeangukia mahali pagumu kuliko hapo. Mashabiki kwa mamia walikuwa wameshasafiri kwa barabara za milimani kwenda Shillong.

Dakika ya 9 Lajong wakapata goli. Mfungaji ni Aser Pierrick Dipanda, Mkameruni aliyemaliza msimu akiwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 11. Kolkata nako Mohun Bagan walikuwa wakicheza na Chennai City muda huohuo, na mechi ile waliishia kushinda 2-1. Kwa hiyo hesabu ilikuwa ya kikatili: ikibaki hivi, kombe linakwenda Kolkata. Mapumziko yakafika, 1-0. Dakika ya 60, bado. Dakika ya 67 William Lalnunfela akasawazisha. Zikabaki dakika 23 na za nyongeza, na nadhani hakuna dakika ndefu kama hizo katika historia ya Wamizo wakati wa amani. Filimbi ikalia 1-1.

Timu iliporudi nyumbani ililakiwa kishujaa, watu wakiwa wamejipanga kandokando ya barabara itokayo uwanja wa ndege wa Lengpui.

Nimekuwa mrefu hapo kwa makusudi. Sasa nije kwenye swali lako la tatu, linaloniuma.

Haisikiki kwa sababu mlango wa juu ulifungwa wakati wao wakiwa wameufikia. Katikati ya 2017 ikaamuliwa ISL na I-League ziende sambamba, na ISL iongeze timu mbili. Hazikuongezwa kwa msimamo wa ligi. Ziliongezwa kwa zabuni, zikaingia Bengaluru FC na Jamshedpur FC. Bingwa wa nchi hakuwemo. Viongozi wa Aizawl waliandika barua na kutishia hata kugoma kula. Haikusaidia.

Usinielewe vibaya kuhusu Bengaluru. Iliundwa 2013 na kampuni ya chuma ya JSW, ikamsajili Sunil Chhetri, nahodha wa timu ya taifa, ikawa bingwa msimu wake wa kwanza, ikarudia 2015-16, na Novemba 2016 ikawa klabu ya kwanza ya India kufika fainali ya Kombe la AFC, la klabu za Asia, ikafungwa 1-0 na Al-Quwa Al-Jawiya ya Iraq huko Doha. Ni klabu iliyoendeshwa kwa utaalamu wa hali ya juu, na heshima yake ni halali. Ninachosema ni kwamba soka la India liliweka njia pana kwa anayekuja na fedha, na kwa anayekuja na pointi likamwekea ukuta.

Klabu isiyo na ligi kubwa mbele yake haiwezi kuwashika watu wake. Miezi michache baada ya kombe kikosi kilikuwa kimetawanyika. Khalid Jamil alikwenda East Bengal, Amnah na Brandon wakamfuata. Kamo Bayi akaenda Mohun Bagan. Ashutosh na Jayesh wakaenda ATK, Albino Gomes Delhi Dynamos, Lalruatthara Kerala Blasters, zote klabu za ISL. Januari 2018 Aizawl walipocheza mchujo wa Ligi ya Mabingwa Asia, wakafungwa 3-1 na Zob Ahan nchini Iran, ile haikuwa tena timu iliyotwaa ubingwa Shillong.

Nikukumbushe jina moja unalolijua. Mapema 2018 East Bengal hao hao walimsajili kiungo wa Uganda, Khalid Aucho, huyuhuyu aliyekuja baadaye kutamba Yanga. Kwa hiyo kwa miezi kadhaa Kolkata, Khalid wa benchi alikuwa akimfundisha Khalid wa katikati ya uwanja.

Kisheria ukuta ulitobolewa baadaye: ilikubaliwa kwamba bingwa wa I-League apande ISL, na kwa njia hiyo Punjab FC wakapanda 2023, Mohammedan wa Kolkata 2024. Aizawl hawajaipita njia hiyo. Msimu wa 2024-25 walikuwa bado I-League, ambayo wakati huo ilikuwa daraja la pili. Na ISL yenyewe haikuwa salama. Ule mkataba wa miaka 15 ulipokaribia ukingoni, Julai 2025 waendeshaji walitangaza kuusimamisha msimu kwa kuwa hakuna makubaliano mapya. Hapo ndipo unapoona kilichojengwa juu ya mkataba mmoja, na kilichojengwa juu ya mitaa.

Maana kule Mizoram kazi haikusimama. Royte alichaguliwa mbunge wa jimbo mwaka 2018 akawa waziri wa michezo, na mwaka 2020 Mizoram ikawa jimbo la kwanza India kuitambua michezo kuwa sekta ya viwanda, ili wawekezaji wapate nafuu wanazopata wenye viwanda. Wachezaji wanaendelea kutoka. Lallianzuala Chhangte, winga wa Lunglei, mji wa kusini mwa jimbo, ndiye aliyechaguliwa na AIFF kuwa mchezaji bora wa mwaka wa 2022-23. Klabu moja inaweza kusahauliwa, lakini ukichukua orodha ya wachezaji wa klabu kubwa za India leo ukaanza kusoma majina yanayoanza na Lal, utasoma kwa muda.

Na Khalid Jamil? Agosti 2025 AIFF ilimteua kocha wa timu ya taifa, Mhindi wa kwanza kushika kazi hiyo baada ya zaidi ya miaka 10 ya makocha wa kigeni. Mwishoni mwa mwezi huohuo aliipeleka timu kwenye Kombe la Mataifa la CAFA, huko Asia ya Kati. Mechi ya kumtafuta wa tatu walikutana na Oman, timu ambayo India haikuwahi kuifunga. Sare ya 1-1, penalti. Chhangte wa Lunglei alikuwa mmoja wa waliopiga na kufunga, India ikashinda 3-2.